Mikono Inayoganda Saa Kumi

Katika mtaa nilipopanga chumba msimu ule, watu waliulizana mtandao kabla ya kuulizana hali. "Kwako upo?" "Upo, lakini unatambaa." Baada ya hapo ndipo mtu alipokumbuka kuulizia mgonjwa au kutoa pole ya msiba. Nimeishi miji mingi na kujifunza kuomba maji, njia na radhi kwa lugha kadhaa, lakini sijapata kuona mtaa uliomtegemea mtu mmoja kama ule ulivyomtegemea mwenye nyumba wangu. Chumba changu kilikuwa nyuma ya ofisi yake, ukuta wa mbao katikati, kwa hiyo ninayoyaeleza niliyaona au niliyasikia.

Jina lake halikutumiwa na mtu. Walimwita Mzani. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mwembamba, akitembea ameinamisha shingo kama mtu anayepita kwenye mlango mfupi, mazoea aliyoyapata kwa kuishi juu ya mapaa na chini ya mabati. Mtaa wenyewe uko bondeni kati ya maghala, na minara ya simu iliyo juu kilimani inauruka kama mvua inavyouruka uvungu wa kitanda. Mzani alisimamisha antena juu ya ghala moja, akavuta mkondo mmoja wa intaneti kutoka mjini, akautandaza kwa nyaya hadi nyumba tisini na sita. Mkondo mmoja, midomo tisini na sita. Hapo ndipo kazi yake yote ilipokuwa.

Kabla ya intaneti aligawa maji. Alisimamia bomba la umma miaka tisa, na jina lake lilitoka huko. Watu walikuwa wakipanga ndoo foleni alfajiri kisha wanarudi kulala. Mwenye ndoo kumi alihesabiwa kama watu kumi, na bibi mwenye ndoo moja alifika bombani maji yameshakatika. Mzani alizitoa ndoo zote foleni akasema bomba linahudumia watu, halihudumii plastiki. Alitukanwa wiki mbili, akaheshimiwa miaka tisa.

Kwenye mtandao mwaka wa kwanza ulimshinda. Aliwakubalia wenye shida watangulie, na ghafla kila aliyepiga simu akawa mgonjwa, mfiwa au shemeji. Mtaa mzima ukageuka ukwe. Ndipo akaapa kwamba hatampendelea mtu tena. Akafungua ukurasa wa mgao kwenye mtambo wake, akachagua kanuni ya kugawa sawa, akaijaribu kwa simu zake mbili. Hii ikapakua wimbo, na ile ikapakua wimbo. Kila moja ikapata nusu kamili, bila kuzidiana hata tone. Akaufunga ukurasa ule na hakuufungua tena kwa miaka minne.

Malalamiko yalipokelewa na mkewe. Huyo naye alikuwa na jina la mtaani, Mama Subiri, kwa kuwa "subiri kidogo" ndilo jibu alilompa kila mtu. Alikuwa akiandika mambo ya wateja kwenye daftari kwa lugha yake mwenyewe. Mteja anayepiga kila siku alimwandika "jogoo". Anayepiga mara moja kwa mwaka lakini kwa matusi alimwandika "tetemeko".

Fundi viatu hakuwamo kwenye daftari hilo. Kwa miaka mitatu ya kuwa mteja hakuwahi kulalamika. Alikuwa mjane, mguu wake mmoja mbovu, na kibanda chake kilikuwa kwenye uchochoro wa tisa, chumba cha hatua tatu kwa nne chenye harufu ya gundi na ngozi mbichi. Alikuwa na mtoto mmoja, binti aliyezaliwa kiziwi. Shule ya karibu ilimkataa na ya mbali haikufikika, kwa hiyo yeye, mkewe na binti walijitungia lugha yao ya mikono pale nyumbani. Kidole sikioni kilikuwa mvua, kwa sababu mvua kwenye bati ndiyo kelele pekee mtoto aliyoihisi. Viganja viwili vikisuguana vilikuwa baba. Mke alipofariki, duniani walibaki wawili wanaoijua lugha hiyo vizuri. Binti aliolewa na dereva wa malori, akahamia mji wa mpakani, safari ya siku tatu. Mume alijifunza ishara za jikoni na za mapenzi; zaidi ya hapo alipotea.

Sasa binti alikuwa amelazwa kwenye hospitali ndogo huko, mimba ya miezi saba, miguu imevimba, presha juu. Mume alikuwa barabarani, ng'ambo ya mipaka miwili. Binti hakujua kusoma wala kuandika. Wauguzi walimwonyesha vidole, naye akawaonyesha vyake, na hakuna aliyeelewa. Wakapata njia moja. Kila siku saa kumi jioni, daktari alipopita vitandani, muuguzi alipiga simu ya video kwa fundi viatu. Binti alisema kwa mikono, fundi akatafsiri kwa mdomo. Hati za kumwezesha fundi kusafiri zilikuwa zimekwama ofisini wiki ya tatu. Hadi zitoke, maisha ya binti na ya mtoto tumboni yalipita kwenye waya wa Mzani.

Na saa kumi ndiyo saa mtaa mzima unapoingia mtandaoni.

Sauti ikikatika unaweza kukisia. Mtu akisema "nasiki... chini ya..." wewe mwenyewe utajaza. Mikono haijazwi. Ikiganda katikati ya neno, neno hilo halipo. Jumatatu picha iliganda mara nne. Fundi akafunga kibanda mapema, akachechemea hadi ofisini, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Ndugu yangu, siombi cha mtu," alisema. "Nusu saa tu daktari akipita. Halafu unirudishe foleni na wenzangu."

Nilimsikia Mzani akikohoa, kama afanyavyo mtu anayetaka kusema hapana kwa adabu. Akamweleza habari za mwaka wa kwanza. Akamwambia akimpa yeye leo, kesho atakuwa na mashemeji tisini na watano. Kisha, ili asimwache mikono mitupu, akaiomba simu yake, akaigeuzageuza.

"Mgao ni sawa kwa kila nyumba, Fundi, hilo naapa. Tatizo ni hii simu. Imechoka."

Fundi aliipokea simu yake akaitazama kama mzazi aliyeambiwa mwanawe ni mwizi. Akashukuru. Akaenda.

Jumanne aliazima simu mpya ya mshonaji wa jirani. Saa kumi ikafika, binti akatokea kwenye kioo, akaweka kiganja juu ya tumbo. Picha ikaganda hapo. Fundi alisubiri. Picha ilipoamka, mikono ya binti ilikuwa imeshashuka kwenye shuka na macho yake yakingoja jibu. Fundi alimwomba arudie, binti akarudia, kiganja tumboni, na picha ikaganda tena. Daktari alikuwa na wagonjwa wengine thelathini. Akauliza, kwa sauti iliyofika vizuri kabisa, mgonjwa anasema nini. Fundi akajibu alichokiona. Akasema tumbo linamuuma.

Wakampa dawa ya maumivu, akalala.

Jumatano picha ilitokea mara moja tu, ikaganda moja kwa moja. Mama Subiri alikuwa amepeleka kiatu kushonwa kisigino, akakuta mlango umerudishwa nusu. Ndani, fundi alikuwa amekaa mbele ya simu, na kwenye kioo uso wa binti umesimama, mdomo wazi, jicho moja limefumba. Fundi alikuwa akizungumza na picha ile. Polepole, kwa mikono yote miwili, sentensi baada ya sentensi, akitumaini kwamba huenda upande wa pili yeye anaonekana.

Mama Subiri alirudi na kiatu kilekile kibovu. Nilimsikia kupitia ukuta.

"Nimeona mtu mzima anasema na picha," alimwambia mumewe. "Mume wangu, kama huu ndio mgao wa haki, basi haki yako ina makengeza."

 Usiku ule Mzani hakula, na asubuhi alikuwa bado kwenye kiti kilekile. Nadhani kilichomsumbua si kuvunja kiapo tu. Alikuwa amejenga maisha yake juu ya neno moja, sawa, na neno hilo lilikuwa linamtazama na jicho moja limefumba.

Alhamisi saa tisa alikivunja kiapo. Kwenye orodha ya wateja, bila kuugusa ukurasa wa mgao, alimwongezea fundi fungu lake mara mbili, akanituma mimi kibandani nikaangalie. Nilikuta fundi amejaribu video ya majaribio: bado ilikwamakwama kama punda aliyegoma. Nikampigia Mzani kumwambia. Nikamsikia akimwambia mkewe alete daftari.

Zilikuwa zimebaki dakika kumi kufika saa kumi. Mama Subiri alisoma, Mzani akabonyeza. Nilisikia yote, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kukata simu.

"Bucha."

"Zima."

"Saluni ya kona."

"Zima."

"Mwalimu wa hesabu. Huyu leo ana mtihani."

"Zima."

"Mama yako."

Nikasikia kiti kikilia. "Zima."

Nyumba tisini na tano. Saa kumi ilipogonga, mkondo wote uliovutwa kutoka mjini ulikuwa unaingia kwenye kibanda kimoja cha viatu.

Simu iliita. Fundi aliiegemeza kwenye kopo la gundi. Picha ilikuwa safi hata nyuzi za shuka zilihesabika. Binti alikuwa mweusi chini ya macho na midomo imekauka. Hakusalimia. Aliweka kiganja juu ya tumbo. Halafu akainua mkono mwingine, akaufunga ngumi, akaugongagonga kwenye kiganja kama mtu anayebisha hodi. Halafu ile ngumi ikatulia. Halafu ikafunguka, na ndani hamkuwa na kitu. Baadaye akainua vidole viwili, akavielekeza nyuma ya bega.

Sikuhitaji kuijua lugha yao. Nilimwona fundi.

"Daktari," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya kutisha kwa ukawaida wake. "Anasema mtoto hachezi. Ameacha kucheza tangu juzi. Jumanne alisema hivyo. Siyo maumivu. Alikuwa anawaambia mtoto ameacha kucheza."

Kioo kikajaa makoti meupe. Muuguzi wa asubuhi alikuwa amesikiliza tumbo kwa haraka siku mbili hizo na kuandika kile alichoandika siku ya kwanza. Sasa daktari alisikiliza mwenyewe. Alisogeza chombo huku na huku, muda mrefu. Kisha akamwomba muuguzi azime simu.

Ofisini kwa Mzani watu walikuwa wamejaa hadi barabarani. Nilipita katikati yao. Mwenye bucha alikuwa akiuliza kama mzani umekatika mkono. Mwingine akajibu haujakatika, umeegemea kwa shemeji. Mama Subiri alikuwa amesimama mlangoni mikono kiunoni, na kwa mara ya kwanza hakumwambia mtu asubiri. Aliwaambia waende zao. Mzani alikuwa ndani, akiwawasha mmoja baada ya mwingine, na aliponiona uso akarudisha macho kwenye kompyuta.

Ijumaa saa nne asubuhi mume wa binti, aliyefika alfajiri hiyo, alipiga kutoka mpakani. Walimpasua usiku. Mama yuko hai, kapoteza damu nyingi. Mtoto, wa kiume, alitolewa akiwa ameshakufa. Fundi alizipokea habari akiwa na kiatu cha mtu mapajani. Waliokuwepo walisema alimaliza kukishona.

Saa tano akaja mteja wa uchochoro wa tatu, yule anayehariri video za harusi. Mpole, miwani kila mara ina vumbi. Alikuja kulalamika kwa heshima kwamba kazi yake ya jana ilikatika katikati.

"Sina ugomvi na wewe, kaka," alisema. "Ndiyo mara ya kwanza. Huduma yako huwa haina mfano. Saa kumi hiyohiyo wengine wanayosema ni mbaya, kwangu inaruka kama swala."

Mama Subiri aliinua kichwa kutoka kwenye daftari. "Inaruka saa kumi?"

"Kila siku, dada. Ndio muda wangu wa kupokea kazi."

Kwa miaka minne hakuna aliyewahi kuja kusema kwamba yeye anapata vizuri. Nani huja kwa mgawaji kumlalamikia kushiba? Mama Subiri alimgeukia mumewe akamwambia afungue ule ukurasa ambao haufunguliwi. Mhariri alirudi kwake kuendelea na kazi yake, nao wakaketi mbele ya kompyuta. Walinipa nafasi nikasimama nyuma yao.

Ukurasa ulionyesha mtandao ulivyokuwa ukitumika dakika ile. Kila kitu kinachovutwa kilikuwa na mstari wake: anayetazama video moja, mstari mmoja, anayezungumza na binti yake, mstari mmoja. Mama Subiri aliweka kidole kwenye nyumba ya fundi. Mstari mmoja. Akatafuta nyumba ya mhariri. Akaanza kuhesabu kwa kidole, akafika ishirini, akaondoa kidole, akawa anashusha ukurasa tu, na mistari ikaendelea kupanda kutoka chini ya kioo, yote ya nyumba ileile. Programu ya mhariri, bila yeye kujua, ilikuwa ikilikatakata kila faili vipande na kuvivuta vyote kwa wakati mmoja. Mia mbili na arobaini.

Mtambo ulikuwa ukigawa sawa, kama ulivyoambiwa. Uligawa sawa kwa kila mstari. Haukujua nyumba ni kitu gani. Mzani aliujaribu kwa simu mbili, kila moja ikivuta kitu kimoja, akaona nusu kwa nusu, akaamini. Alipomwongezea fundi mara mbili, alimpa mistari miwili mbele ya mia mbili na arobaini.

"Ndoo," alisema Mama Subiri.

Hakusema kwa kumsimanga. Ndiyo maana lilimwingia. Mzani alikaa ameinama, mikono katikati ya magoti, na nikasikia kitu ambacho sikukitambua mara moja kuwa ni mtu mzima anajizuia kulia. Aliyezifukuza ndoo za plastiki bombani alikuwa amezipanga mwenyewe upya, mahali pasipoonekana, akasimama pembeni miaka minne akiwaapia watu kwamba foleni ni ya haki. Wale aliowaambia simu zao zimechoka. Wale waliomwamini.

Kuurekebisha kulihitaji kubadilisha sehemu moja: gawa kwanza kwa nyumba, ndipo kila nyumba igawe mistari yake. Nilitazama saa ya ukutani. Alitumia dakika nne.

Mhariri alirudi baadaye kuuliza mbona amekuwa mzito ghafla. Mama Subiri alimweleza yote. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akasema yeye hakujua. Ni kweli, hakujua.

Saa kumi kasorobo Mzani alivaa shati safi akaniomba nimsindikize, kisha tulipofika uchochoro wa tisa akaniomba nisimame nje. Mlango ulikuwa wazi. Fundi alikuwa anapitisha uzi kwenye nta. Mzani hakukaa, ingawa kulikuwa na kigoda.

"Fundi," alisema. "Haikuwa simu yako. Nilikudanganya, na mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Mgao haukuwa sawa. Ulikuwa unapata tone, na mtu mmoja anapata pipa. Kosa ni langu."

Fundi alivuta uzi hadi mwisho wa mkono.

"Tangu lini?"

"Miaka minne."

"Na Jumanne?"

"Na Jumanne."

Fundi alichoma sindano kwenye ngozi, akaitoa upande wa pili, akachoma tena. Mzani alibaki amesimama. Alikuja tayari kutukanwa. Miaka yake bombani ilimfundisha kwamba matusi yakiisha, watu huanza kusikilizana. Hakupewa hata moja. Alianza kusema kwamba ameshatengeneza, na kwamba kuanzia leo, lakini sentensi yenyewe ilimwonea aibu ikaishia njiani.

Simu ikaita. Fundi alifuta vidole kwenye aproni akaipokea, na alipotaka kuiegemeza kwenye kopo la gundi, ikateleza. Akajaribu tena. Ikateleza tena. Upande wa pili kulikuwa na mtu anayengoja kulia kwa lugha ambayo baba yake peke yake aliijua, na baba alihitaji mikono yote miwili kuisema.

Akaisukuma simu kifuani mwa Mzani.

"Shika," alisema. Hakumwita ndugu yangu. "Kioo kiangalie huku. Usitikise."

Mzani akashika. Kioo kilimtazama fundi, kwa hiyo yeye hakumwona binti. Alimwona baba tu. Aliona vile viganja vyeusi vya gundi vikisuguana, vikaenda kifuani, vikafunguka, vikarudi kusuguana. Aliona fundi akikaa kimya huku macho yake yakifuata kitu kwenye kioo, juu, chini, juu, bila kukwama popote, muda mrefu. Machozi yalishuka yakaingia kwenye ndevu na hayakufutwa, kwa kuwa mikono ilikuwa kazini. Dakika kumi, kumi na tano. Mkono wa Mzani ulianza kuchoka kuanzia begani. Akauegemeza kwa mkono wa pili.

Halafu binti lazima aliuliza nani ameshika simu, kwa sababu fundi aliinua macho, akamtazama Mzani usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie. Akafikiri. Kisha akaigeukia simu, akamjibu bintiye kwa ishara moja fupi, ngumi iliyofunguka kidogo na kufungwa tena. Mzani, aliyekuwa ameishika simu kwa mikono yote miwili, hakuwa na wa kumuuliza ameitwa nani.